Kulipia pasi ya mwaka ya Disney World kwa pointi za taimushea: uzoefu wangu

Naanza na jibu, maana najua wapo wanaosoma huku simu iko mkononi wanataka kuipigia klabu yao. Kulipia pasi ya mwaka kwa pointi za taimushea ni biashara mbaya, isipokuwa kama pointi zenyewe ziko mbioni kufa. Zangu zilikuwa mbioni kufa. Kwa hali ile, kesho ningefanya tena vilevile.

Kwa asiyeyajua mambo haya: pasi ya mwaka inakuruhusu kuingia bustani nne za burudani za Disney World, kule Orlando, Florida, mwaka mzima bila kukata tiketi kila mara. Taimushea ni mpango wa kununua haki ya kukaa kila mwaka kwenye nyumba za likizo za kampuni fulani. Zamani ulipewa wiki yako, nyumba ileile, tarehe zilezile. Siku hizi klabu nyingi zinakupa pointi, unazitumia unavyotaka. Bei ya kununulia unalipa, halafu kuna ada ya matunzo kila mwaka, uende usiende. Orlando, Florida, zimejaa klabu za namna hii, na Disney wana ya kwao, Disney Vacation Club, iliyoanza mwaka 1991. Yetu si hiyo. Yetu ni kampuni nyingine ambayo sitaitaja, kwa sababu nitakayosema kuhusu watu wake wa mauzo si mazuri.

Sisi tunaishi pembezoni mwa Atlanta. Orlando kwetu ni kushika barabara kuu ya I-75 kusini, unapita Macon, unapita Valdosta, unaingia barabara ya kulipia pale Wildwood. Ukitoka alfajiri, mchana umefika. Mwaka 2024 tulikuwa tumeshika nyumba ya vyumba viwili kwa kiangazi. Ukatokea msiba Tanga, likizo ikageuka safari ya nyumbani. Klabu ilirudisha pointi zote bila kukata kitu, na kwa hilo nawashukuru. Ila tarehe ya kuzisogeza kwenda mwaka unaofuata ilikuwa imeshapita. Zikabaki pointi 24,000 ambazo mwisho wake ni tarehe 31 Desemba.

Baba watoto alitaka tushike nyumba kwa hizo pointi, tuwapangishie watu. Inawezekana, ila hadi tunarudi na akili kutulia ilikuwa Novemba, na nyumba zilizobaki zilikuwa za mahali ambapo hakuna anayetaka kukaa wakati wa baridi. Watoto wana shule. Ndipo nikaanza kuperuzi ile orodha ya vitu ambavyo klabu inakubali kubadilishana kwa pointi: meli za kitalii, magari ya kukodi, tiketi, na pasi za mwaka za bustani za burudani.

Hesabu yenyewe niiweke wazi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ada yetu ya mwaka ukiigawa kwa pointi tulizonazo inakuja kama senti 9 kwa pointi. Klabu ilizipokea kwa senti 6. Pointi 24,000 zikawa dola 1,440. Pasi ninayoweza kununua mimi nisiyeishi Florida ni ile ya juu kabisa, Incredi-Pass, ambayo tangu Oktoba 2024 ilikuwa dola 1,549, ukiongeza kodi ya asilimia 6.5 inafika kama 1,650. Kwa hiyo nikaongezea dola 210 hivi kwa kadi, pamoja na ada ndogo ya kubadilisha. Sasa rudi nyuma uangalie: zile pointi 24,000 zilikuwa zimeshanila ada ya dola 2,160. Anayekwambia nimepata pasi karibu bure, mwonyeshe hiyo namba. Pointi hizohizo kwenye ile nyumba ya kiangazi zingetupa wiki ambayo mtu wa nje angeilipia pesa nyingi kuliko ada yetu.

Lakini ada ilikuwa imeshalipwa. Swali Novemba ile halikuwa senti 9 kwa senti 6. Lilikuwa senti 6 kwa sifuri. Ndiyo maana nikasema ndiyo.

Kuhusu huduma. Hili halifanyiki mtandaoni, unapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa muungwana, akanisomea masharti polepole: ukishabadilisha hakuna kurudi, pasi ni ya mtu mmoja, haihamishiki. Siku chache baadaye ikaja vocha kwa barua pepe. Jina limegeuzwa. Sisi wenye majina matatu tunalijua tatizo hili: jina la babu limekaa mbele, la kwangu limetupwa nyuma, na getini kitambulisho kinaangaliwa. Kulirekebisha kulinizungusha kuliko kazi yenyewe yote, kila simu mtu mpya, kila mtu mpya naanza hadithi upya. Vocha sahihi ilikuja Krismasi imeshapita. Ukijaribu, mwambie aandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, na akusomee kabla hajafunga.

Kuanzia hapo upande wa Disney haukunisumbua. Unaingiza namba ya vocha kwenye aplikesheni yao, halafu unaenda na kitambulisho kuiamsha. Na hapa kuna jambo zuri ambalo sikulitegemea: mwaka wa pasi unahesabiwa tangu unapoiamsha, si tangu unapoinunua. Pointi zilikufa Desemba, mimi nikaikalia vocha hadi Machi mama mkwe alipofika.

Mama mkwe ndiye anayeifanya hesabu hii ibadilike. Ninyi mnaoishi Marekani mnajua: kila mgeni kutoka nyumbani akipata viza, safari ya pili baada ya duka kubwa ni Disney. Mgeni analipa kiingilio chake, au unamlipia, sawa. Lakini wewe mwenyeji unalipa chako kila mara, kuona mambo uliyoyaona na wifi, ukayaona na shemeji, ukayaona na rafiki wa shangazi. Mwaka 2024 tiketi ya siku moja ilianzia dola 109 na kupanda hadi 189 kulingana na bustani na tarehe. Kwa familia inayokwenda mara moja kwa mwaka pasi haina maana, wanunue tiketi za siku kadhaa ambazo bei yake kwa siku inashuka. Kwa mwenyeji mwenye ukoo mkubwa ni habari nyingine. Mwaka 2025 wageni wetu walipishana uwanja wa ndege, na mimi kwangu kiingilio kikawa kimekwisha kulipwa.

Tulichukua pasi moja tu, kwa jina langu, kwa sababu mimi ndiye dereva. Hili nalisisitiza kwa wenye pointi chache. Maegesho, yaliyokuwa dola 30 kwa siku mwaka 2024, mwenye pasi halipi, na gari zima linaingia naye. Punguzo la bidhaa, hadi asilimia 20, anapata yeye anayelipa kaunta, hata kama fulana ni za wajomba wanane. Kwenye baadhi ya migahawa pia kuna punguzo. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawalipi kabisa, lakini kuanzia mitatu pasi ya mwaka ina bei ileile ya mtu mzima, kwa hiyo kuwakatia familia nzima ni kujitakia.

Isichokupa: haina njia ya mkato kwenye foleni, hiyo unanunua pembeni. Bustani za maji hazimo. Na ingawa Incredi-Pass haina siku zilizofungwa, yaani siku ambazo pasi haikubaliki, siku nyingi lazima uweke nafasi mapema, la sivyo usubiri hadi saa nane mchana ndipo uingie bila nafasi. Jumamosi na Jumapili pale Magic Kingdom, moja ya zile bustani nne, hata hiyo ya saa nane haipo. Mgeni wako ana tiketi yake ya tarehe maalumu anaingia asubuhi, wewe wa pasi ya dola elfu na nusu unabaki nje kama hukupanga. Hilo liliniudhi.

Kati ya bustani nne, tuliyoirudia zaidi ni Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Kuna kijiji chao kinaitwa Harambe, wabunifu walichukua sura ya Lamu: kuta nyeupe, milango, vibao vya matangazo vilivyofubaa. Mama mkwe, mwanamke wa Tanga, alisimama akaigusa plasta iliyobanduliwa makusudi ionekane ya zamani, akauliza kwani hawa fundi wao hakumaliza kazi. Nikamweleza kwamba wamelipa hela nyingi ukuta uonekane hivyo. Akacheka hadi akatafuta kiti. Lakini kwenye lori la Kilimanjaro Safaris, ziara yao ya kuangalia wanyama, alinyamaza kimya, twiga amesimama karibu na barabara, tembo pale. Mtu amezaliwa nchi ya Serengeti, tembo kamwona Florida. Kila mgeni wa baada yake nilimpeleka huko kwanza, nikijua mimi silipi.

Magic Kingdom ilikuwa na ujenzi mwingi mwaka huo. Ule mto wa Rivers of America pamoja na boti yake viliwekwa pembeni Julai 2025 kupisha eneo jipya, kwa hiyo wageni wa Machi walipanda boti na wa Agosti wakakuta uzio. Wa Agosti nao wakapata maandamano mapya ya taa za usiku, ambayo wa Machi hawakuyaona. Mwenye pasi anapata vyote viwili, bila shaka, japo kusimama kwenye joto la Agosti la Florida ni adhabu.

Sasa wale wa klabu ya Disney yenyewe. Nimekuwa nikilinganisha na jirani yetu mmoja Mkenya ambaye ni mwanachama. Yeye wala hahitaji kutoa pointi ili afaidi. Mwanachama aliyenunua moja kwa moja kwa Disney anaruhusiwa kununua Sorcerer Pass, pasi ya bei ya chini kuliko yangu, hata kama haishi Florida, na tangu Oktoba 2024 ilikuwa dola 1,079. Ina siku zilizofungwa, hasa Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, na kipindi cha Krismasi, lakini tofauti ni dola 470 kwa mtu, taslimu, na pointi zake zote anazitumia kulala. Haki hiyo ya kununua naiona ina thamani kuliko pointi zangu. Angalizo: aliyenunua mkataba wa mkono wa pili tangu Aprili 2016 hapati hayo marupurupu, pointi anapata, punguzo hapati. Ukiona mkataba wa bei nafuu unauzwa na mtu binafsi, hicho ni moja ya vitu vinavyoufanya uwe nafuu.

Niliahidi kuwasema watu wa mauzo wa klabu yetu. Tulipokaa kwenye nyumba za klabu yetu safari iliyofuata, tuliitwa kwenye kile wanachokiita kikao cha taarifa kwa wanachama, na kifungua kinywa juu. Kijana akafungua faili, akaona nilibadilisha pointi kwa pasi, macho yakamng'aa. Akaanza: ukiongeza pointi kidogo tu, kila mwaka familia nzima mnapata pasi. Nikamuuliza klabu inazipokea kwa senti ngapi. Akasema inategemea. Nikamuuliza ada ya hizo pointi mpya itakuwa senti ngapi. Akaenda kumwita bosi wake. Bosi akaja na bei mpya, yenye kufa leo leo. Mume wangu tayari alikuwa anamalizia chai yangu.

Kama umeshasaini kikao cha namna hiyo huko Florida na moyo unasita, sheria ya jimbo inakupa siku 10 za kalenda kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa, na huhitaji kutoa sababu. Fanya kwa maandishi, kama mkataba unavyoelekeza, usipige simu tu. Mauzo yenyewe yanategemea wewe usilisome lile karatasi hadi ufike kwako.

Ukiniuliza nyota, upande wa klabu natoa mbili kati ya tano: moja kwa kurudisha pointi wakati wa msiba, moja kwa yule dada wa kwanza wa simu. Pasi yenyewe naipa nne, imepungukiwa kwa ajili ya ule utaratibu wa kuweka nafasi.

Pointi za mwaka uliofuata nilizisogeza mapema kabla ya tarehe, zote, zikalale kitandani zinakostahili. Pasi sikuihuisha. Mdogo wangu anakuja na familia yake, na wanawe wameshaona video za Epic Universe, ile bustani mpya ya Universal, washindani wa Disney, iliyofunguliwa Mei 2025, ambako pasi ya Disney haiingii hata mlangoni. Nimewaambia waje Septemba shule za hapa zikishafunguliwa, watu wanapungua na bei inashuka.