Niliomba kusoma mkataba, dada akaufunika kwa kiganja: uzoefu wangu na wakala wa kazi za Uarabuni, Mbeya

Jina la ofisi silitaji. Wao wana wakili, mimi nina bando la wiki. Ila kama unaishi Mbeya na umewahi kupanda zile ngazi nyembamba kule Mwanjelwa, juu ya maduka ya simu, ukapokewa na bango la ndege inayopaa, unawajua ninaowasema. Wanatafutia watu kazi nje: Dubai, Qatar, Omani, na Kanada nayo siku wakiamka vizuri. Nawapa nyota moja. Nilianza na mbili, kisha tatu kwa muda mfupi, nitafika huko.

Habari za ada zao na nchi wanazopeleka naziruka, wamezibandika mlangoni na kila apitaye anazisoma. Mimi nina shida na karatasi moja tu, mkataba.

Ni fundi umeme wa majumbani, cheti nilichukua VETA hapahapa Mbeya, na nyumba nilizofunga nyaya kuanzia Uyole mpaka Iyunga ni nyingi. Kazi zipo, malipo ndiyo ya kuvutana. Mtu anakupa nusu, nusu nyingine "njoo mwisho wa mwezi fundi", na mwisho wenyewe hauji. Kwa hiyo mwaka jana mwishoni, mvua zilipoanza na ujenzi ukapoa, baba mdogo akaniambia kuna ofisi imempeleka binti wa jirani yake Sharjah na hela inatumwa nyumbani. Nikaenda. Na nilienda na sharti langu: sipandi ndege kwenda kutafuta kazi huko huko. Napanda kazi ikiwa mkononi, kwa maandishi, jina la kampuni limo, mshahara umo, aina ya kazi imo. Niliwaambia hivyo siku ya kwanza na wakaitikia, "hiyo ndiyo kazi yetu kaka".

Niwe mkweli, mwanzo walinifurahisha. Kulikuwa na kijana wa fomu pale, mpole, ambaye alinikalisha akanieleza habari za pasipoti vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa na mtu yeyote. Kwamba ombi linajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, unapata namba ya malipo, gharama yote ni 150,000, na kwamba watu wengi wanakwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Baba yangu amezaliwa Rungwe enzi ambazo cheti hakikuwa na maana yoyote kwa mtu wa shamba, kwa hiyo hapo ningekwama na mimi. Kijana akaniambia kuna kiapo mahakamani, akanionyesha mfano wake, akanipigia na fotokopi bila kudai hata shilingi mia. Pasipoti yangu ninayo leo kwa sababu yake. Zile nyota mbili za mwanzo zilikuwa zake, si za ofisi.

Wakachukua laki mbili na nusu "ya kufungua faili". Nikadai risiti ya EFD, nikaambiwa mashine imeharibika. Mashine za EFD za mji huu zina afya mbovu sana. Nikapewa kikaratasi cha daftari chenye muhuri, na hela ikaenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Halafu kimya. Njoo wiki ijayo, njoo Jumatatu, bosi yuko Dar. Hayo ya kuzungushwa siyalalamikii, nimeyazoea kwa wateja wangu.

Siku waliyonipigia nilikuwa juu ya dari kule Ilomba. "Kampuni imepatikana Dubai, njoo usaini sasa hivi, wenzako wako hapa." Nikashuka, nikachukua bajaji na ovaroli yangu na mkoba wa vifaa, nikafika watu wamejaa mpaka ngazini. Mezani yuko dada wa mapokezi, yule mwenye kucha ndefu za bluu. Amepanga makaratasi, kila mtu lake, na namna alivyoyapanga nimeikumbuka mpaka kesho: kila karatasi imekunjwa katikati, sehemu ya juu imegeuziwa nyuma, na kilichobaki wazi ni mistari miwili ya kutia saini. Juu yake ameweka kiganja. Stepla ameikalisha pembeni ili karatasi isifunguke.

"Saini hapa, na hapa."

"Dada, samahani, naomba niusome kwanza."

"Usome nini?"

"Mkataba."

"Huu ni wa Kiingereza na Kiarabu, kijana."

"Kiingereza nitajitahidi dada."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Wenzako wote wamesaini hawana maneno. Wewe fundi soketi ndiyo mwanasheria?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo niliumia, si kwa neno lake, kwa kile kicheko. Wote tulikuwa na njaa ileile, na bado walicheka. Nikanyoosha mkono nivute karatasi taratibu, akaibana. Kucha zikakwaruza meza. Lakini ilifunguka kidogo, na katikati ya vidole vyake nikaona vitu vitatu: neno la msaidizi badala ya fundi, viza ya matembezi, na tarakimu 900. Mimi nilikuwa nimeahidiwa dirham 1,800, kazi ya ufundi umeme. Nikatoa simu nipige picha. "Simu haziruhusiwi hapa." Mkataba wangu mwenyewe, wenye jina langu, unafichwa kama mwali wa ndani!

Sikusaini. Nikaambiwa nipishe wenye nia.

Nikakaa kwenye benchi la ngazini kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka. Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kyela, wa makamo, ana mfuko wa Rambo umejaa nyaraka. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Wamekukatalia na wewe?" Yeye alikuja kwa ajili ya kijana wake. Ameuza kakao ya msimu mzima, wamemwambia alipie "karatasi ya LMIA ya Kanada", milioni mbili na ushee, ndipo mwanawe aitwe. Ile karatasi, kwa mtu asiyeijua, ni ruhusa anayoomba mwajiri wa Kanada kwa serikali yake kuonyesha kwamba amekosa mtu wa ndani. Ada yake ni dola 1,000 za kule na analipa mwajiri, na hairuhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Sasa mama wa Kyela anailipiaje? Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Akasema atamuuliza bosi. Sijui aliishia wapi, na hilo linanikera kuliko laki mbili na nusu yangu.

Usiku ule nilichoma bando lote. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai na Sharjah, Na. 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Inakataza pia kumshikia nyaraka zake. Barua ya kazi ya halali inapita kwenye wizara yao ya kazi, ina namba, na unaweza kuiangalia mtandaoni kama ipo kweli. Na viza ya matembezi si ya kufanyia kazi. Mwaka 2024 walipandisha faini kwa mwajiri anayeajiri mtu bila kibali, kuanzia dirham 100,000 hadi 1,000,000. Yaani kule wenyewe wanaiogopa hiyo viza, ila Mwanjelwa inasainishwa kwa kiganja.

Sasa ngoja niwatetee kidogo, maana sitaki mtu aseme nimeandika kwa chuki.

Nilirudi siku iliyofuata kudai hela, nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta bosi mwenyewe. Mzee mmoja mtaratibu, ana sweta, akaniitia chai ya maziwa na chapati. Akasema, "Mwanangu, nisamehe kwa yule binti, ana mdomo." Akaniambia mkataba nitatumiwa WhatsApp nikausome nyumbani kwa nafasi yangu, na kama sijaridhika nitarudishiwa hela. Akanisindikiza mpaka chini. Jamani, nilitoka pale nimelainika kabisa, nikawa namwambia mke wangu labda tatizo ni mfanyakazi mmoja, ofisi si mbaya. Jioni ile ungeniuliza ningekupa nyota tatu na namba zao.

Mkataba ukaja. Picha mbili, zimepigwa kwa mshazari, kidole gumba kimeziba pembe. Chini ya ukurasa wa kwanza imeandikwa ukurasa wa 1 kati ya 4. Ya pili, 4 kati ya 4.

Nikaandika, "Mzee shikamoo, naomba na ukurasa wa pili na wa tatu." Tiki mbili za bluu. Nikaandika tena. Bluu. Nikapiga, ikakatwa. Mshahara uko ukurasa gani? Aina ya viza iko ukurasa gani? Kwenye ule wa kwanza kulikuwa na jina langu na namba ya pasipoti, kwenye wa nne kulikuwa na pa kusaini. Chai ya maziwa yote ile, kumbe mchezo ni uleule, ila umevaa sweta.

Nilimpigia binti wa jirani yake baba mdogo, yule wa Sharjah, nikitegemea atoe machozi. Hakutoa. Akasema yuko salama, analipwa kila mwezi, chumba wanakaa wanne, na bila ile ofisi angekuwa bado anauza vocha Kabwe. Akanichanganya. Nikamuuliza, mkataba uliosaini Mbeya ndiyo unaolipwa? Akanyamaza kidogo. "Kaka, nilisaini mwingine nilipofika. Wa Mbeya ule sijui uko wapi." Mshahara umepungua? "Umepungua, ila upo." Na viza? Aliingia na ya matembezi, kampuni ikambadilishia baada ya muda. Je, wasingembadilishia? "Wapo ambao hawakubadilishiwa," akasema, kisha akaniuliza hali ya mvua huku.

Kwa hiyo ofisi inapeleka watu, hilo siwezi kulikana, na wapo waliofika na kujenga. Mtu ambaye hali imembana mpaka kooni anaweza kuniambia dirham 900 ni hela, na nitamjibu nini? Mimi mwenyewe zipo siku za mwezi wa pili, wateja wakiwa hawapokei simu, nimekaa nikaipiga hesabu ile 900 kwa shilingi nikaona si haba. Lakini uandike 900! Uniambie 900 nikiwa bado nina ardhi ya Mbeya chini ya miguu, nikatae au nikubali kwa akili zangu. Kinachonichoma ni kwamba walijua nikisoma nitakataa, ndiyo maana wakakunja karatasi.

Na ukiangalia ukutani kwao bado kuna bango kubwa la kazi za kulea wazee Uingereza, mbibi wa kizungu anatabasamu kwenye kiti cha magurudumu. Uingereza ilifunga viza hiyo kwa wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi Julai 2025. Bango liko palepale na nilimsikia dada wa kucha akimwambia mtu kwenye simu kwamba nafasi zimebaki chache. Nina rafiki muuguzi Iringa ambaye anataka Ujerumani, anajisomea Kijerumani kila usiku baada ya zamu ili akafanye mtihani Goethe, ile taasisi ya Kijerumani ya Dar, halafu cheti chake cha uuguzi kitambuliwe kule. Ni mwendo wa kinyonga na nilikuwa namcheka. Angalau kila karatasi anayoigusa anaisoma yote, mbele na nyuma.

Hela: nimerudishiwa laki moja, kwa mafungu, baada ya kwenda pale na baba mdogo ambaye ana sauti. Laki moja na nusu iliyobaki wanasema ilitumika "kufuatilia faili". Nimeuliza leseni yao ya uwakala kutoka wizara ya kazi, nikaonyeshwa leseni ya biashara ya halmashauri. Nikawaambia hii ni ya biashara, dada akajibu, "Kwani ajira siyo biashara?" Mara hii hakucheka mtu, tulikuwa wawili tu.

Nyota moja. Nilitaka kuacha nusu kwa ajili ya kijana wa fomu, lakini nimepita juzi nikaambiwa ameacha kazi. Kama kuna mtu wa Mbeya, Tunduma au Njombe aliyefanikiwa kurudishiwa yote na ofisi hii, naomba aniandikie alianzia wapi: Takukuru, polisi, ofisi ya kazi ya mkoa? Na kama wewe ni yule mama wa Kyela, au unamfahamu, naomba sana unitafute kabla hujalipa ile ya Kanada.