Chama cha bustani kilichonirudishia mbegu zangu mbele za watu

Hasira hii nimekaa nayo tangu msimu uliopita, leo naitoa. Nilijiunga na chama hiki cha wapenda bustani, sisi wa ridhaa tusiouza chochote, kwa ajili ya jambo moja: siku ya kubadilishana mbegu. Nikapeleka mbegu za boga langu bora, nimeziosha, nimezianika kivulini, nimezitia kwenye bahasha yenye jina. Mjumbe wa kamati aliyekaa mezani akauliza kama bustanini kwangu kulikuwa na boga la aina nyingine. Nikasema ndiyo, lile dogo la njano. Akanisukumia bahasha. "Takataka hatupokei. Anayefuata!" Foleni nzima ikanitazama.

Takataka! Na ni huyu huyu ambaye kila wakikaribishwa wageni husimama kutusimulia habari za mwaka 1804, jinsi watu saba walivyokutana katika duka la vitabu London wakaanzisha chama ambacho leo ni Royal Horticultural Society, ili ajuaye jambo kuhusu mimea awaambie wenzake. Awaambie! Mimi aliniambia nani?

Aliniambia mama mmoja mtu mzima, aliyenifuata hadi mlangoni. "Mwanangu, mbegu zako si mbaya, ila hazina uhakika. Nyuki hachagui ua." Maboga ya jamii moja yakikaa jirani, chavua huchanganyika. Tunda la mwaka huu halionyeshi kitu. Mchanganyiko umejificha ndani ya mbegu, utauona mwakani. Basi jioni tafuta ua la kike, lile lenye kiboga kidogo chini yake, linalokaribia kuchanua. Lifunge kwa uzi, na la kiume vilevile. Asubuhi na mapema yafungue, pakaza chavua kwa mkono, ulifunge tena lile la kike, kisha utie utepe kwenye kikonyo ili tunda lako usilipoteze.

Kumbe yule wa mezani alikuwa sahihi. Inaniuma kuandika hivyo. Nilikuwa nimeapa silipi ada tena, nikalipa, na kwa ajili ya yule mama ningetoa nyota tano. Lakini nikikumbuka ile "anayefuata" mkono unagoma. Tatu. Hapana, nne, maana dakika kumi za pale mlangoni zimenifaa kuliko miaka yote niliyolima kwa kubahatisha. Ila kuniomba radhi, hadi leo hajaniomba.

Msimu huu nimefunga maua manne, matatu yameshika. Nitapeleka mbegu zake kwenye meza ile ile, kwa bahasha ile ile.