Masomo ya sauti kuhusu chimbuko la Pasaka: nimeyasikiliza mara mbili

Ninafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, na kila mwaka huulizwa swali lilelile: mbona tarehe ya Pasaka inahama? Masomo haya yamenipa jibu ninaloweza kulieleza bila kubabaika.

Sehemu bora ni ya pili. Inaanzia Kutoka 12, mwanakondoo na damu kwenye miimo ya milango, kisha inaonyesha jinsi Wakristo wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo) walivyoendelea kuiadhimisha Pasaka tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, pamoja na Wayahudi, siku yoyote ya juma, huku Roma wakishika Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alikwenda kwa Aniseto, askofu wa Roma, katikati ya karne ya 2. Hawakukubaliana kuhusu tarehe, ila waliachana kwa amani, na Aniseto akampa mgeni wake heshima ya kuongoza Ekaristi. Hapo nilisimamisha sauti nikakaa kimya. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ndio uliotaka wote washike Jumapili moja.

Nimependa pia walivyolishughulikia dai kwamba Pasaka ilitokana na mungu wa kike wa kipagani, Eostre. Hilo linahusu jina la Kiingereza, Easter, na la Kijerumani, Ostern, si sikukuu yenyewe. Neno letu Pasaka lina mzizi wake katika Pesaki ya Kiebrania.

Kasoro ipo. Kalenda ya Gregori ya 1582, ambayo Waorthodoksi wengi hawaifuati katika kupanga Pasaka na hivyo mara nyingi huisali siku tofauti na sisi, imepewa dakika mbili tu, tena muziki unamfunika msomaji. Wanafunzi wangu wangehitaji zaidi hapo. Hata hivyo nyota nne natoa kwa moyo mweupe.