Uzoefu wangu na matairi ya A/T kwenye Hilux: anza na ubavu, kashata baadaye

Mtu akienda kununua matairi ya A/T (all-terrain, ya lami na ya porini) kwa ajili ya pikapu, jicho lake hukimbilia kashata, yaani meno ya raba yanayokanyaga barabara: zina kina gani, zimekatwa vipi, gari likiegeshwa litaonekanaje. Mimi nimetumia matairi haya kwenye Hilux yangu ya kazi kiangazi na masika, na siku hizi nikiingia dukani naomba kwanza kuona ubavu. Kwa njia za huku kwetu kaskazini, ubavu ndio unaoamua kama utalala nyumbani au porini.

Gari lenyewe ni dabo kabini ya dizeli, rimu za inchi 17, saizi ya kiwandani 265/65R17. Nabeba dawa za mifugo, mabomba ya kupulizia, mawe ya chumvi na mara nyingine matanki ya plastiki, napeleka kwenye minada ya Monduli na Simanjiro. Kutoka Arusha hadi Makuyuni na kuendelea Mto wa Mbu ni lami nzuri, huko tairi lolote zima linatosha. Kazi inaanza ukielekea kaskazini, Engaruka hadi Ngaresero, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kule mawe ni ya volkano, meusi, yenye kingo kali, na mengine yamejificha chini ya vumbi laini kama unga. Makorongo yanashuka kutoka milimani na kila mvua inahamisha mawe, kwa hiyo njia uliyoizoea mwezi uliopita leo si ile. Upande wa Simanjiro, ukipita Terrat kwenda Naberera, tatizo ni jingine: udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi unapasuka na masika unageuka gundi. Na kote huko kuna miiba ya migunga.

Matairi ya H/T, yaani ya barabara kuu, niliyoanza nayo yalikuwa matulivu sana kwenye lami. Lakini mwiba na jiwe havitofautishi bei. Shimo la mwiba usoni pa tairi ni dogo, fundi pancha analiziba na unaendelea na safari. Mkato wa ubavuni ni habari nyingine. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, kiraka hakidumu pale, na ule ujanja wa kutumbukiza tyubu ndani ya tairi lililochanika unafaa kukufikisha kijiji cha jirani tu, si kurudi Arusha kwa mwendo wa lami. Ndiyo maana nikaacha kabisa kulinganisha kashata na kuanza kusoma maandishi.

Maandishi ya ubavuni yana kila kitu. Chukua 265/65R17 112S. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni radiali, 17 ni inchi za rimu. Namba 112 inamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Sasa tafuta lingine la saizi hiyohiyo lililoandikwa LT265/65R17 120/117S. Herufi LT mwanzoni zinaonyesha limetengenezwa kwa ajili ya magari mepesi ya mizigo, na 120 ni kilo 1,400. Ukikuta pia herufi E ya daraja la mzigo, hilo ni lile watu wanaloliita tairi la nyuzi kumi. Siku hizi ndani hakuna nyuzi kumi kweli, ni kipimo cha uimara kilichobaki kutoka zamani, ila uimara wenyewe upo na unausikia mkononi ukilibonyeza tairi ubavuni.

Kuna watakaosema 112 inatosha, maana matairi manne yanabeba zaidi ya tani nne na Hilux iliyojaa haifiki huko. Hesabu yao ni sahihi. Mimi sikununua LT kwa ajili ya kilo, nilinunua unene wa gamba lake.

Na hapa ndipo sitaki kupigia debe chapa. Bridgestone, Yokohama, BFGoodrich, Toyo, General, Cooper na Maxxis zote zinatengeneza A/T, na kuna matairi yenye jina lilelile na kashata zilezile yanayotoka kwa namna mbili, ya kawaida na ya LT. Ukienda dukani na jina pekee, utapewa lililopo. Nilipofika dukani kijana alinishushia moja haraka: "Hili bosi, ndilo wanalochukua watu wa safari." Nikamwambia, "Geuza ubavu nione, kaka." Lilikuwa 112. Zuri, lakini silo. La LT lilibidi liagizwe, likachukua muda, na bei ilizidi kwa karibu theluthi moja. Kwa kazi yangu naona pesa hiyo imekwenda mahali pake.

Kwenye mawe ya Engaruka matairi haya yamenipa utulivu ambao sikuwa nao. Yamechubuka ubavuni, mabega yamekwanguliwa, kuna mahali vipande vidogo vya raba vimenyofolewa kwenye kashata, lakini hakuna mkato uliofika kwenye nyuzi. Miiba bado inaingia. Hakuna A/T inayozuia mwiba wa mgunga, na anayekuambia ipo anataka kuuza.

Yana gharama zake. Gari likiwa tupu linaruka, nyuma hasa, kwa sababu ubavu mgumu hauli matuta kama ule wa mwanzo. Matairi ni mazito zaidi, usukani unachelewa kidogo, na dizeli imeongezeka, kwa makadirio yangu karibu lita moja kila kilomita mia. Kelele ipo, si kubwa, inaanza kusikika ukipita themanini. Linalohitaji tahadhari ya kweli ni lami iliyolowa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na mafuta yakiwa bado juu ya barabara, gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lilipokuwa na H/T. Naongeza umbali nyuma ya gari la mbele na kupunguza mwendo mapema, nami namsihi kila anayehamia A/T za LT afanye hivyo tangu siku ya kwanza, kabla hajabeba abiria.

Upepo. Kama ungekuwa na fedha ya kitu kimoja tu zaidi ya matairi, nunua kipimo chako cha upepo na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Tairi la LT likiwekewa upepo uleule wa tairi la kawaida linabeba uzito mdogo zaidi, kwa hiyo usinakili tu namba ya kibandiko cha mlangoni. Mimi lami bila mzigo naweka psi 36 pande zote. Nikiwa na mzigo kamili nyuma naweka 44. Ile namba ya 80 iliyoandikwa kwenye tairi la daraja E ni kikomo cha juu, si maelekezo ya matumizi, na nimeshaona vijana wa vituo vya mafuta wakitaka kuifikia.

Nikitoka kwenye lami napunguza. Kwenye changarawe yenye mawimbi yanayotikisa gari hadi boliti zilegee, nashuka hadi 28 hivi, mwendo nao unashuka. Tofauti unaisikia mgongoni dakika ileile, na jiwe linalokutana na tairi laini kidogo linazamishwa badala ya kulitoboa. Kwenye mchanga wa makorongo nimeshuka hadi 18, gari likapita bila kelele pale ambapo dakika tano kabla lilikuwa linachimba. Lakini ukishuka hivyo usikimbie na usikate kona kwa nguvu, tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Na lazima urudishe upepo kabla ya lami, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo linachemka kwa ndani na hapo ndipo linapopasuka.

Kuna kanuni ya wazoefu inayonisaidia sana: pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha kama saa moja, pima tena. Kwa tairi la LT upepo ukipanda kama psi 6 uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo ulianza na kidogo, ukipanda pungufu ulianza na nyingi. Kwa tairi la kawaida kipimo ni 4. Ni bure, na inajibu kwa gari lako na mzigo wako.

Kuhusu tope niwe wazi. Kwenye udongo mweusi wa Simanjiro A/T inajaa. Kashata zinabeba tope, hazilitupi, na baada ya mita chache una magurudumu laini yanayozunguka bila kwenda. M/T, yaani matairi ya tope, zina nafasi pana zaidi kati ya kashata na zinajisafisha vizuri, lakini kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya kilomita zake ni lami, M/T zitaisha haraka, zitapiga kelele mchana kutwa, na kwenye lami iliyolowa ni mbaya kuliko A/T. Wenyeji wa kule wenyewe husubiri jua la nusu siku udongo ukaze, nami nafuata wao.

Saizi nilibaki na ya kiwandani. Wengi wanapenda kupanda hadi 265/70R17 gari liinuke. Kipenyo kinatoka takriban milimita 776 hadi 803, kama asilimia tatu na nusu, kwa hiyo spidi ikionyesha 100 unakwenda karibu 103 na nusu, na injini inavuta kwa shida zaidi ukiwa na mzigo mlimani. Ukienda na pana zaidi ya hapo, linaanza kusugua plastiki ya ndani unapokata kona. Kwa gari la kazi sioni faida inayolingana na usumbufu huo.

Nunua matano, si manne. Fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ikiwa imewashwa kwenye ardhi ngumu, spea yenye kipenyo tofauti inaisumbua mitambo, halafu ukiwa na matano unaweza kuyazungusha yote, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, yakaisha sawasawa. A/T zisipozungushwa kashata za mbele zinalika upande mmoja na kelele inakuwa mara mbili. Baada ya kufunga, piga wili alaimenti, na ukishaendesha kilomita mia hivi kaza nati upya.

Halafu soma umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa miaka mitano nje ya duka kwenye jua limezeeka hata kama halijagusa barabara. Raba inakauka, nyufa ndogo zinaanza kati ya kashata. Kwa sababu hiyo hiyo ya mtumba siyagusi, hata yakiwa na kashata nene. Zamani hapa Arusha tulikuwa na kiwanda chetu, General Tyre, na tairi lilitoka kiwandani likiwa jipya kabisa. Kimesimama miaka mingi sasa, tunategemea meli na maghala, na kusoma zile tarakimu nne kumekuwa jukumu la mnunuzi. Bado natamani kile kiwanda kirudi.

Kama gari lako linaishi Dar, Moshi au Arusha mjini, na porini unaenda sikukuu, usinunue LT. Chukua A/T ya kawaida ya 112, utapata ulaini, breki nzuri zaidi kwenye mvua na bei nafuu. LT daraja E ni kwa anayebeba mzigo kwenye mawe wiki baada ya wiki.

Yangu yalianza na kashata za milimita 12 hivi, sasa zimebaki karibu 7, zikiwa zimelika sawa kwa sababu ya kuzungushwa. Nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini kwa changarawe na mvua mimi nitayatoa yakifika 4, na nitaagiza LT tena, saizi ileile.