Kutengeneza programu-jalizi ya Grafana: uzoefu wangu

Grafana ni programu ya kuonyesha data kwa michoro kwenye dashibodi, na programu-jalizi huiongezea uwezo. Kama React unaifahamu na TypeScript haikutishi, ni pazuri pa kuanzia. Mimi nilitaka paneli, yaani kisanduku kimoja cha dashibodi, inayochora matangi ya maji na mabomba yake, kila tangi kwa urefu wake halisi, maji yakipanda na kushuka. (Paneli ya Canvas iliyomo tayari ingenifikisha nusu ya njia.)

Kuanza ni rahisi mno. Unaandika `npx @grafana/create-plugin@latest`, unaulizwa kama unataka paneli, chanzo cha data au app, kisha unapewa folda iliyokamilika. Baada ya `npm install`, terminali moja inaendesha `npm run dev` na nyingine `npm run server`, ambayo huiwasha Grafana ndani ya Docker (zana ya kuendesha programu kwenye kontena) kwenye localhost:3000. Andaa bando la kutosha tu, maana vifurushi vya npm pamoja na Docker vinakula mamia ya megabaiti.

Kazi yenyewe iko kwenye data. Paneli yako hupokea `data.series`, ambayo ni orodha ya fremu, yaani majedwali ya data. Kila fremu ina safu wima zake, na kila safu ina aina yake: muda, namba au maandishi. Prometheus, hifadhidata ya vipimo, huleta fremu moja kwa kila mfululizo, lakini jedwali la SQL huja kama fremu moja yenye safu nyingi. Ukiandika kodi inayotegemea umbo moja, mtu akibadilisha chanzo cha data mchoro unabaki mtupu. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, fungua Inspect kwenye paneli yoyote utazame fremu zilivyo, na ucheze na TestData, chanzo cha data za majaribio kinachokuja na Grafana. Muda mwingi niliutumia hapo, wala siujutii.

Rangi zichukue kwa `useTheme2`, ili mchoro ukubaliane na mandhari ya giza na ya mwanga. Ukigusa `plugin.json`, faili la maelezo ya programu-jalizi, iwashe Grafana upya, la sivyo mabadiliko hayaonekani.

Jihadhari na mafunzo ya zamani. Ukiona `MetricsPanelCtrl`, funga ukurasa: hiyo ni AngularJS, maktaba ya zamani ya JavaScript, na Grafana 12 ya mwaka 2025 imeiondoa kabisa.

Suala la saini ya kidijitali, inayothibitisha programu-jalizi imetoka wapi, huwashtua wengi. Kwenye mazingira ya majaribio hutaliona, ila kwenye seva ya kazi Grafana haipakii programu-jalizi isiyo na saini. Unaweza kuisaini kama ya binafsi, ukitaja anwani ya seva yako, au uandike ID yake kwenye `allow_loading_unsigned_plugins`. Mimi ningesaini.

Chanzo cha data chenye sehemu ya seva kinadai lugha ya Go na Mage, zana ya kujenga kodi yake. Kwa anayeanza, hicho kisubiri. Paneli inatosha kukuonyesha Grafana inavyofikiri.