Juni au Septemba: lini kuingia porini kwa pikipiki?
Nje ya Lubumbashi, asubuhi ya Juni baridi inauma vidole kwenye breki, na majani bado yanampita mtu kichwa. Mwindaji hakuoni, wewe humwoni. Vaa koti la rangi kali, acha taa ikiwaka.

Septemba unaona mbali, maana majani yameungua. (Majivu utayapiga chafya mpaka nyumbani.) Shida ni kwamba moto mwingine huwashwa makusudi kufukuza ndezi (panya wakubwa wa porini) na swala, na wawindaji wenye magobori, bunduki za kienyeji, husubiri pale mnyama atakapotokeza: kwenye njia. Njia yako hiyohiyo. Ukiona moshi, zima injini, umuulize mzee wa kijiji wawindaji wako upande gani.

Mimi nachagua Juni, vidole vife ganzi tu.