Kuwatazama kakatua weusi Dryandra: mwongozaji safi, ratiba mbovu

Kama unaishi Perth, Australia, na kakatua (ndege wa jamii ya kasuku) unaowajua ni wale wanaopita juu ya paa jioni wakipiga makelele, safari hii inafaa. Nililipia ziara ya siku moja kwenda Dryandra, msitu wa mikaratusi ulioko kilomita 160 hivi kusini-mashariki mwa jiji, ambao mwaka 2022 ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Njia nzima ya kuukaribia ni mashamba ya ngano. Ukiyaona ndipo unaelewa kwa nini kakatua wa Carnaby, yule mweusi mwenye mkanda mweupe mkiani, yuko hatarini kutoweka: huzaliana ukanda huohuo uliofyekwa, tena ndani ya mapango ya miti mizee tu, na pango la kumtosha huweza kuchukua zaidi ya miaka mia kujitengeneza.

Mwongozaji ndiye aliyeibeba ziara. Badala ya kututembeza tukiangalia juu, alituinamisha chini ya vichaka vya banksia tuokote matunda magumu yaliyochanwachanwa kwa mdomo. Yakiwa makavu, tunapita. Yakiwa bado mabichi, tunakaa kungoja. Tulingoja kweli! Dume akatua: mdomo mweusi, pete ya waridi kuzunguka jicho. Akaita. Jike, mwenye mdomo wa rangi ya mfupa na doa jeupe shavuni, akachomoza kichwa pangoni, akatoka, wakahamia tawi la pembeni akalishwa mdomo kwa mdomo. Jike hulalia mayai peke yake, kwa hiyo dume ndiye mleta riziki.

Mwenzetu mmoja alitaka shina ligongwe ili jike atoke tena apigwe picha. Mwongozaji alikataa katakata, na wala hakutusogeza karibu na mti. Hapo nilimheshimu. Ila kama una kamera ya simu tu na unataka picha za kutamba nazo, utarudi umenuna.

Lawama yangu ni ratiba. Tuliondoka mjini jua limeshapanda, wakati kakatua hujishughulisha zaidi asubuhi na jioni; mchana wa joto hujibanza kwenye majani kimya. Halafu jioni, saa ambayo hushuka kunywa maji kabla ya kwenda kulala, tukaambiwa tupande basi. Darubini za kuazima nazo zilikuwa chache, tukawa tunapokezana kama kikombe cha kahawa kibarazani. Chakula cha mchana sikisemi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nenda Septemba au Oktoba, msimu wa viota. Beba darubini yako na koti, maana asubuhi za huko bado zina baridi. Na kabla hujalipa, waulize basi linaondoka saa ngapi. Wakikwambia saa tatu, ni afadhali ukodi gari na marafiki, mlale Narrogin, mji wa jirani, mwingie msituni alfajiri.